Kisanduku Kisichokubali Mstari

Jengo lina ghorofa tano na lifti moja. Karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa lifti, yenye maneno "Inafanyiwa matengenezo", imeshabadilishwa mara mbili kwa kuchakaa. Nimepanda ngazi za majengo kama hili katika miji mingi, nikitafuta mhuri wa hiki na saini ya kile, na nimeona kwamba serikali zote huwaweka watu wa kompyuta katika moja ya sehemu mbili: chini kabisa karibu na tangi la maji, au juu kabisa chini ya bati. Mama Waya aliwekwa juu.

Hilo si jina lake la vyeti. Alilipata miaka ishirini na sita iliyopita, alipokuwa mpiga chapa wa idara ya usajili wa vizazi. Kompyuta za kwanza zilifika zikiwa kwenye maboksi, fundi wa kuziunganisha hakutokea, na mkubwa mmoja akaingia ofisini akakuta miguu miwili imetokeza chini ya meza. "Huyo nani?" akauliza. "Ni mama wa waya," mtu akajibu. Tangu siku hiyo amepanda vyeo vitano, amekaa darasani jioni kwa miaka saba, amekuwa mkuu wa mifumo ya kompyuta wa idara nzima, na bado kuna watu wanaompigia simu wakidhani kazi yake ni kuchomoa karatasi iliyonasa kwenye printa. Huenda akaichomoa. Ni haraka kuliko kueleza.

Ana miaka hamsini na minne na goti moja linalojua idadi ya ngazi. Katika droo yake kuna vyeti vya semina za uongozi, kila kimoja kikisema amehitimu maono, ubunifu, na usimamizi wa mabadiliko. Ukimwuliza kazi yake ni nini hasa, atakujibu kwamba ni kukaa kwenye vikao mpaka wenye nguvu wachoke.

Wiki ninayoisimulia ilikuwa ya mwisho kabla ya uzinduzi wa mfumo mpya. Kwa mwaka mmoja na nusu makarani walikuwa wakimwandika kila mtoto mara mbili. Kwanza kwa kalamu, katika daftari kubwa la jalada gumu, na cheti cha mtoto kilitolewa humo kama zamani. Kisha wakamwingiza kwenye mfumo, kwa majaribio. Ijumaa saa nne asubuhi mgeni rasmi angekata utepe, na Mama Waya angesaini hati ya kuupokea mfumo. Baada ya saini hiyo madaftari yangepelekwa ghala la nyaraka, vyeti vyote vingetoka kwenye mfumo, na taarifa zilizokwisha kuingia zingefungwa kufuli. Kurekebisha hata herufi moja kungehitaji amri ya mahakama. Bila saini yake, kufuli halifungwi. Katika kazi zake zote hiyo ndiyo moja ambayo hakuna mtu angeweza kumfanyia.

Jumatatu Katibu wa wizara alimwita ofisini kwake. Katibu ni mtu mwenye simu tatu na macho ya mtu aliyelala kwenye gari. Mbele yake kulikuwa na ripoti ya ukamilifu wa taarifa.

"Nchi nzima," alisema, "sehemu ya taarifa za baba imejazwa asilimia themanini na kitu. Lakini hapa chini kwetu, dirisha namba tatu, ni mia kwa mia. Mwaka mmoja na nusu, mia kwa mia! Huyu karani ni nani?"

"Ni mzee mmoja. Tunamwita Mzee Wino."

"Nenda ukamwulize siri yake. Ijumaa tumpe cheti mbele ya mgeni rasmi. Aseme maneno mawili, asizidishe."

Kwa hiyo Jumanne asubuhi Mama Waya akashuka kufanya jambo ambalo wenzake humchekea: kukaa kwenye benchi la ukumbi wa wananchi, bila kitambulisho shingoni, na kutazama. Mlinzi wa mlangoni hakumwacha apite hivihivi.

"Mkuu, umekuja kuandikisha mtoto?"

"Nimejifungua mfumo. Bado haujapata jina."

"Baba yake anajulikana?"

"Wako wengi, kila mmoja anamsukumia mwenzake."

Akakaa. Ukumbi ulinuka maziwa, gundi na vumbi la karatasi. Dirishani Mzee Wino, miwani puani, kola imebadilika rangi kwa kufuliwa, alikuwa na mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni. Alimwandika kwenye daftari kwanza, kwa mwandiko wa kulala wa watu waliochapwa viboko vya mwandiko utotoni.

"Baba?" aliuliza.

Mwanamke akatazama pembeni. "Hayupo."

"Hayupo, amesafiri? Au hayupo kabisa?"

"Kabisa."

"Haya, mwanangu. Hilo halikuzuii kitu." Akapiga mstari mfupi kwenye daftari, akageukia kompyuta.

Mzee Wino huandika kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayechambua mchele. Jina la mtoto lilimchukua dakika nzima. Lakini alipofika sehemu ya baba, vidole vilipaa. Tarakimu tisa bila kutazama karatasi, bila kutazama hata kibodi. Mwanamke hakuwa amempa karatasi yoyote. Mama Waya akakaza macho. Akahesabu akina mama kumi na mmoja. Watatu walisema baba hayupo, na mara tatu vidole vya mzee vikapaa.

Akapanda ngazi, goti likihesabu, akauuliza mfumo swali ambalo kwa mwaka mmoja na nusu hakuna aliyefikiria kuuliza: ni namba ipi ya kitambulisho cha baba inayojirudia zaidi? Ya pili kwa wingi ilikuwa na watoto sita. Ya kwanza ilikuwa na watoto elfu moja mia nne na kumi na wawili. Akaitafuta namba hiyo ni ya nani, na uso uliotokea kwenye skrini ulikuwa na miwani puani.

Kwa muda alifikiri wizi. Ni mawazo ya kazi. Mtu anayekaa na mifumo ya serikali hujifunza kufikiri wizi kwanza na uchovu baadaye. Lakini alishindwa kuona mzee angeiba nini. Saa ya mapumziko akashuka tena, akamkuta nyuma ya dirisha akila yai la kuchemsha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Lifti imepona?"

"Bado. Mzee, samahani kwa swali. Una watoto wangapi?"

"Wangu wanne. Kuna na wa marehemu dada yangu, nimemlea mimi. Sema watano."

"Mfumo unasema una elfu moja mia nne na kumi na wawili."

Mzee Wino akamaliza kutafuna. Akapangusa vidole kwa leso, kimoja kimoja. "Na kumi na watatu," alisema. "Ulipokuwa juu amekuja mwingine. Wa kike. Mzuri."

"Mzee, unanitania."

"Mimi ndiye ninayetania? Nani alikileta hiki kisanduku?" Akaigonga skrini kwa ukucha. "Miaka thelathini na moja, mama akisema baba hayupo, mimi napiga mstari. Mstari mmoja, anakwenda zake. Mashine yenu haitaki mstari. Nikaweka mstari, kikawa chekundu. Nikaweka sifuri, kikawa chekundu. Nikaandika 'hayupo', kikaniambia niingize tarakimu tisa. Na hakikuachii uende mbele! Kule nje mama amesimama tangu alfajiri, mgongoni kitu kinalia. Sasa nikajiuliza: ni nani ninayezijua tarakimu zake tisa, ambaye hatakuja hapa kulalamika kabambikiwa mtoto? Nikaona ni mimi."

"Na madirisha mengine?"

"Wengine wanaacha kumbukumbu nusu, wanamwambia mama aende akatafute namba. Ndiyo themanini yenu hiyo. Hao ishirini hawakurudi."

Mama Waya alihisi benchi zima la asubuhi ile limemkalia kifuani. "Ungetuambia, mzee."

"Nimewaambia. Mara tatu kwa simu, nikajibiwa 'jaza'. Mara moja kwa barua."

"Barua ilikwenda kwa nani?"

Mzee Wino akamtazama juu ya miwani, bila hasira. "Kwako."

Kisha akavuta droo akatoa daftari dogo la shule. Kila mtoto aliyempa namba yake alikuwa humo, na ukurasa na mstari wa daftari kubwa palipo na ule mstari wa kalamu. "Siwezi kuweka uongo pahala pamoja bila kuuweka ukweli pahala pengine," alisema. "Nilijua siku moja mtu atashuka kuuliza. Sikujua atakawia hivi."

"Unajua watasema umeghushi?"

"Ni kughushi. Wataliitaje tena?" Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. "Lakini nikwambie ninayemwogopa? Mke wangu. Nikimwambia elfu moja, ataanza kuuliza hao mia nne wametoka wapi."

Alasiri hiyo Mama Waya akaitafuta barua na kuipata, ukurasa mmoja kwa mwandiko wa kulala, ikieleza kisanduku na mstari kwa adabu ambayo ingemtoa machozi kama angekuwa bado na ya kutoa. Pembeni, kwa kalamu yake mwenyewe: "Kampuni ishughulikie." Hakukumbuka kuiandika. Huandika maneno hayo mara ishirini kwa wiki. Akafungua faili la zamani zaidi, la vikao vya kuamua mfumo uweje. Kipengele cha arobaini na saba: *Namba ya baba iwe lazima au hiari?* Jibu: lazima. Mbele yake, herufi za kwanza za jina lake. Hicho alikikumbuka. Ilikuwa saa ya saba ya kikao, miguu imevimba, Katibu anataka taarifa kamili, na kampuni inasubiri neno moja ili wote waende nyumbani. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema lazima kwa sababu hiari ingehitaji maelezo.

Jumatano akaingia kwa Katibu. Alikuwepo pia mwakilishi wa kampuni iliyotengeneza mfumo, mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, viatu vinang'aa, anayeitwa Bwana Wingu kwa kuwa kila swali aliulizwalo hulijibu kwa kusema kwamba kila kitu kiko kwenye wingu, yaani kompyuta za mbali. Mama Waya akaeleza yote, pamoja na barua na kile kipengele. Katibu akazilaza simu zake kifudifudi, zote tatu.

"Nani mwingine anajua?"

"Mzee mwenyewe. Na sisi."

Bwana Wingu akakohoa kistaarabu. "Kwa heshima kubwa, kisanduku kinafanya kazi sawasawa na matakwa mliyosaini."

"Hakuna aliyesema kimeharibika," alisema Mama Waya. "Kukibadilisha kunachukua muda gani?"

"Kukibadilisha? Dakika kumi. Kuidhinisha kukibadilisha ni wiki sita."

"Hatuna wiki sita," alisema Katibu. "Mahema yamefungwa. Kwaya imefanya mazoezi. Mgeni rasmi amethibitisha. Sikiliza, dada yangu, njia fupi ipo. Karani ameingiza taarifa za uongo. Anaandikiwa barua, anasimamishwa kazi. Hizo kumbukumbu zake tunazifuta. Akina mama warudi waandikishe upya. Ijumaa iko palepale."

"Warudi na nini, Bosi? Wakifika kwenye kisanduku wataandika namba ya nani? Yako?"

Katibu alicheka kabla hajaweza kujizuia, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka. "Usinijaribu."

"Sikujaribu. Nikisaini Ijumaa, watoto elfu moja mia nne wanafungiwa baba ambaye si wao. Kila mama atahitaji wakili kumtoa mzee wa watu kwenye cheti cha mwanawe. Tukifuta, wanakuwa hawajazaliwa. Mimi sioni njia fupi hapo."

"Basi saini, halafu turekebishe polepole."

"Kufuli ni kufuli. Mimi ndiye niliyeandika maelezo yake."

Feni ya dari ilikuwa ikizunguka na kulia kila ilipofika upande wa dirishani. Katibu akajipangusa uso kwa kiganja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wakubwa wake, nao wana wao, na kila mmoja alikuwa ameahidi Ijumaa.

"Unataka kuandika nini?" aliuliza mwishowe.

"Kwamba sipokei mpaka kisanduku kirekebishwe na kumbukumbu hizo zisahihishwe. Na kwamba kosa ni langu. Mzee aliandika barua, mimi nikaifungia."

"Ukiliandika hilo, siwezi kukuacha kwenye kile kiti. Hata nikitaka. Watataka mtu wa kutolewa."

"Najua."

"Miaka ishirini na sita!"

"Najua, Bosi. Nilikuwepo yote."

Alifika nyumbani jua halijazama. Mumewe ni fundi cherehani, na cherehani yake iko sebuleni, hivyo mtu akiingia hana budi kuruka vipande vya sare za shule kama anayevuka matope. Alikuwa na pini tatu mdomoni.

"Mama watoto, uso huo umeazima wapi?"

Akavua viatu, akamsimulia. Fundi alimsikiliza huku akishona, maana ndivyo anavyosikiliza. Cherehani ikinyamaza ujue jambo limemgusa. Ilinyamaza kwenye barua.

"Ukisaini?" aliuliza, ametoa pini.

"Hakuna atakayejua mpaka watoto waanze kuhitaji vyeti vipya. Wakati huo nitakuwa nimestaafu."

"Usiposaini?"

"Wananitoa kwenye kiti."

"Kile chenye gurudumu bovu?"

"Hicho hicho."

"Mbona basi ni zawadi." Akacheka peke yake, akaacha. Binti yao wa mwisho alikuwa na miaka miwili zaidi chuoni, na wote wawili waliitazama hesabu hiyo bila kuitaja. "Nikuulize kama fundi. Nikikata kitambaa vibaya, mteja akakishonashona mwenyewe kwa sindano ya mkono ili avae aende harusini, nani ameharibu nguo?"

"Usinihubirie, baba watoto. Nimechoka."

"Sikuhubirii. Umekaa na waya tangu tuoane, mimi nimekaa na nyuzi. Nauliza tu."

"Aliyekata," alisema Mama Waya. Akalala palepale kwenye kochi, jioni ile mapema, kichwa juu ya sare za watu.

Alhamisi akaandika waraka. Ulikuwa nusu ukurasa, na ulimchukua saa tano, kwa sababu kila mara alipofika kwenye neno "kosa" mkono wake, kwa mazoea, uliandika "changamoto", na kila mara akafuta. Akaambatanisha barua ya Mzee Wino na kile kipengele. Hakuutuma kwa mtandao. Aliupeleka kwa miguu masjala, akasubiri ugongwe mhuri wa kupokelewa, akachukua nakala yake. Mhudumu wa masjala akausoma palepale, kama afanyavyo kwa kila waraka.

"Mama, hapa umeandika kosa ni lako."

"Ndiyo."

"Na hujalewa?"

"Gonga mhuri, mdogo wangu."

Ijumaa mahema yalijaa. Kwaya iliimba, utepe ukakatwa. Mgeni rasmi alisoma hotuba nzuri, na katika hotuba hiyo neno "majaribio" lilikuwa limeongezwa kwa kalamu mahali pawili, juu ya maneno yaliyochapwa. Akalisoma bila kukwama na watu wakapiga makofi. Hati iliyosainiwa haikuwa ya kuupokea mfumo. Ilikuwa ya kuongeza siku tisini. Kuidhinisha kisanduku hakukuchukua wiki sita. Kulichukua usiku mmoja, baada ya Katibu kusoma waraka mara ya pili na kuona ni jina la nani lingefuata. Cheti cha karani bora kilipelekwa kwa ofisi nyingine, yenye asilimia tisini na sita. Mama Waya, akiwa amesimama nyuma kabisa karibu na spika, alimtazama karani huyo akipanda jukwaani na kutamani kujua kwenye ukumbi wake kuna benchi la namna gani.

Barua yake ilikuja Jumatatu. Ilimshukuru kwa utumishi wake na kumhamishia ghorofa ya chini, kuwa msimamizi wa marekebisho ya kumbukumbu, bila posho ya cheo. Mzee Wino alipewa karipio la maandishi, akawasomea wenzake kwa sauti, akisahihisha nukta. Kustaafu kwake hakukuguswa.

Aliyepewa kiti cha juu alikuwa msaidizi wa Mama Waya, mtu makini, mwenye haraka. Siku ya pili alishuka ngazi zote na kalamu mkononi.

"Dada, niambie ukweli. Nianze na nini?"

"Kaa kwenye lile benchi. Kila wiki, asubuhi nzima. Usiseme wewe ni nani."

Akacheka, akidhani ni utani, akangoja aambiwe la kweli. Mama Waya hakuwa na lingine. Akamwambia pia ajizuie kuandika "kampuni ishughulikie", na hilo msaidizi akalinukuu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kanuni inataka kila mzazi ajulishwe kabla kumbukumbu ya mwanawe haijaguswa, na jibu lake liandikwe. Mzee Wino alikaa upande mmoja wa meza na daftari dogo, Mama Waya upande wa pili na simu na kompyuta. Mzee anasoma jina na ukurasa. Mama Waya anapiga simu, anaeleza, anaandika jibu, anafuta namba, anaweka mstari. Kisanduku kinaupokea mstari bila neno. Kwa siku walifanya hamsini, siku nyingine thelathini, kwa sababu watu hubadilisha simu, au hawapokei namba za serikali. Wengine walisema sawa na kukata. Mmoja alisema, "Kwa hiyo mwanangu alikuwa na baba mwaka mzima na hamkuniambia nikadai matumizi?" Mzee Wino, aliyesikia, aliinama chini ya meza kana kwamba kuna kilichoanguka. Mwingine alitukana serikali dakika nne mfululizo, na Mama Waya akaandika: *amepokea taarifa*.

Wiki ya tatu akampata mama mmoja ambaye mtoto wake hakuwa mchanga. Alimwandikisha akiwa na miaka saba, siku chache kabla ya kuanza shule.

"Dada yangu, napiga kutoka ofisi ya usajili. Kwenye mfumo wetu, sehemu ya baba, kuna jina ambalo si la baba wa mwanao. Liliingizwa na karani kwa makosa. Tunaliondoa."

"Jina la nani?"

"La karani mwenyewe. Mfumo ulikuwa hauruhusu sehemu hiyo ibaki wazi."

"Yule mzee wa miwani? Aliyempisha mwanangu akae kwenye kiti chake?"

Mama Waya akamtazama Mzee Wino, aliyekuwa akitafuta ukurasa unaofuata kwa kidole kilicholowa mate. "Huyo."

Upande wa pili kulikuwa na sauti za sufuria, kisha zikaacha. "Msiliondoe."

"Dada—"

"Nasikia unachosema. Nakwambia msiliondoe. Shuleni kila muhula kuna fomu. Kila muhula mwalimu anamwuliza mbele ya wenzake, kwa nini hapa hujajaza. Cheti kingekuwa na jina, angenakili tu. Huyo mzee analalamika?"

"Halalamiki."

"Sasa shida iko wapi?"

Mama Waya alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa vicheko, kwa simu kukatwa. Hilo hakujiandaa nalo. Alifumba macho. Akaeleza, polepole, urithi. Akaeleza kwamba siku moja mtu anaweza kumdai mtoto, au mtoto akadai watu wasiomjua. Akaeleza kwamba jina lisilo la kweli kwenye cheti linaweza kumharibia mtoto akiwa mkubwa kuliko nafasi iliyo wazi inavyomharibia akiwa mdogo. Yote yalikuwa ya kweli, na alijisikia akisema kama mashine.

"Sawa," alisema mama yule. "Kwa hiyo mmerekebisha kisanduku chenu. Na cha shuleni?"

"Cha shuleni si cha idara yetu."

"Ee. Nilijua utasema hivyo." Hakulisema kwa ubaya. "Haya, futa. Lakini andika kwamba nilikataa kwanza."

Katika nafasi ya jibu, ambamo alikuwa ameandika *amepokea taarifa* zaidi ya mara mia tano, Mama Waya aliandika maneno ya mama yule yote kama alivyoyasema, ya mwalimu, ya fomu, ya kila muhula. Yalijaa nafasi mpaka ukingoni. Kisha akafuta namba, akaweka mstari. Akachukua karatasi nyeupe, akaandika juu yake anuani ya idara ya elimu, akaiweka kando ya simu.

"Tuendelee?" aliuliza Mzee Wino.

"Ngoja kidogo, mzee," alisema, akaanza kuandika.